Ifahamu IBM PC, kompyuta iliyozaa kompyuta za mezani za leo

AGOSTI 12, 1981, kampuni ya IBM ya Marekani iliwaita waandishi wa habari katika hoteli ya Waldorf-Astoria jijini New York na kuwaonesha kompyuta ndogo ya kutosha juu ya meza ya ofisi. Lilikuwa kasha la chuma lenye rangi ya maziwa iliyofifia, likiwa na kibodi nzito iliyounganishwa kwa waya wa kujiviringa na skrini yenye maandishi ya kijani.

Jina lake rasmi lilikuwa IBM Personal Computer, na namba yake katika orodha ya bidhaa za kampuni hiyo ilikuwa 5150. Watu walilifupisha jina hilo na kuiita PC, na kifupi hicho kinaendelea kutumika hadi leo hata kwa kompyuta ambazo hazijawahi kuguswa na mkono wa IBM.

Haikuwa kompyuta ya kwanza ya mtu binafsi. Apple II, TRS-80 na Commodore PET zilikuwa sokoni tangu mwaka 1977. Wala haikuwa na teknolojia ambayo wengine hawakuifahamu.

Umuhimu wake ulitokana na namna ilivyoundwa. Ilikusanywa kutokana na vipuri ambavyo kampuni yoyote ingeweza kuvinunua, na michoro yake ikachapishwa kitabuni na kuuzwa. Uamuzi huo uliipa dunia kompyuta za bei nafuu zinazosikilizana. Uamuzi huohuo ndio ulioinyang'anya IBM biashara ambayo yenyewe iliiwekea msingi.

Makala haya yanaeleza muundo wa kompyuta hiyo, sehemu kwa sehemu, na yale yaliyofuata baada yake.

Kazi ya mwaka mmoja

Hadi kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, jina la IBM lilimaanisha mitambo mikubwa ya benki, serikali na mashirika ya bima. Kwa mujibu wa kumbukumbu za kampuni hiyo, miaka 20 kabla ya kuzaliwa kwa PC, kompyuta yake moja iliweza kugharimu hadi dola milioni 9 za Marekani, ikahitaji ukumbi wa robo eka wenye viyoyozi na watumishi 60 wa kuihudumia.

Soko la kompyuta ndogo lilipoanza kukua, IBM ilijikuta ikitazama kwa mbali. Mwaka 1980, William Lowe, aliyekuwa mkuu wa maabara ya kampuni hiyo huko Boca Raton katika jimbo la Florida, aliwaeleza viongozi wake kuwa kwa taratibu za kawaida za kampuni, kazi hiyo isingekamilika kwa wakati. Aliomba ruhusa ya kuunda kikosi kidogo kitakachofanya kazi nje ya taratibu hizo, akaahidi kompyuta kuwa tayari ndani ya mwaka mmoja. Mwenyekiti wa kampuni wakati huo, Frank Cary, aliafiki.

Kazi ilianza na wahandisi 12. Baada ya Lowe kuhamishiwa wadhifa mwingine, uongozi ulichukuliwa na Philip Estridge, aliyejulikana zaidi kwa jina la Don. Lewis Eggebrecht alisimamia usanifu wa mashine yenyewe, na David Bradley alikuwa miongoni mwa walioandika programu ya msingi inayoiamsha kompyuta.

Ufinyu wa muda ndio uliowasukuma kuvunja desturi. IBM ilizoea kutengeneza karibu kila kitu kwa mikono yake. Safari hii prosesa ilitoka Intel, draivu za disketi zilitoka Tandon, printa ilitoka Epson na mfumo wa uendeshaji ulitoka Microsoft. Kwa upande wa kibodi na utaratibu wa kuunganisha kadi, wahandisi walichota kutoka Datamaster, kompyuta nyingine ya IBM ambayo baadhi yao walikuwa wameifanyia kazi.

Umbo lake la nje

Kasha la IBM PC lilikuwa na upana wa takriban sentimita 50, kina cha sentimita 41 na kimo cha sentimita 14. Uzito wake ulikuwa kati ya kilo 11 na 13, kutegemea idadi ya draivu za disketi zilizofungwa ndani. Kifuniko chake kilikuwa cha chuma kigumu kilichoweza kubeba skrini juu yake bila kubonyea.

Mbele, upande wa kulia, kulikuwa na nafasi mbili za draivu za disketi zilizopangwa sambamba. Swichi ya umeme ilikuwa kubwa, ikakaa ubavuni kuelekea nyuma upande wa kulia, na ilipobonyezwa ilitoa mlio mzito kama swichi za mitambo ya kiwandani.

Kulifungua kasha hilo hakukuhitaji kifaa maalumu. Mtumiaji alifungua skrubu chache za nyuma kwa bisibisi, akavuta kifuniko kuelekea mbele, na bodi kuu ikawa wazi mbele yake. IBM ilitarajia mteja afanye hivyo, na vitabu vilivyoambatana na mashine vilimwelekeza hatua kwa hatua.

Kibodi iliyosifiwa na kulaumiwa

Kibodi yake ilikuwa na vitufe 83 na uzito wa kilo zipatazo mbili na nusu. Chini ya kila kitufe kulikuwa na springi ndogo iliyopinda ghafla ilipobonyezwa, ikatoa mlio na kumjulisha mchapaji kwa kidole na kwa sikio kuwa herufi imepokewa. Makatibu muhtasi waliozoea taipureta za IBM hawakuona ugeni mkubwa katika kuigusa.

Hata hivyo, mpangilio wa vitufe ulizua malalamiko. Kitufe cha kushoto cha herufi kubwa kilitenganishwa na herufi Z kwa kitufe kingine, hivyo mchapaji mzoefu alijikuta akibonyeza kisichokusudiwa. Kitufe cha kuhitimisha mstari kilikuwa chembamba. Aidha, hapakuwa na taa ya kuonesha kama herufi kubwa zimefungwa au la. Kasoro hizo zilishughulikiwa katika kibodi ya IBM PC/AT ya mwaka 1984.

Vitufe kumi vya kazi maalumu, F1 hadi F10, viliwekwa upande wa kushoto kwa safu mbili. Kibodi za baadaye zilivihamishia juu, mahali vilipo katika kompyuta nyingi za leo.

Kadi mbili za skrini

Mnunuzi alitakiwa kuchagua namna atakavyoona kazi yake, kwa kuwa bodi kuu haikuwa na saketi ya kuendesha skrini. Saketi hiyo ilikuwa katika kadi iliyonunuliwa pembeni.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya rangi moja. Ilionesha maandishi pekee, mistari 25 yenye herufi 80 kila mmoja, kwenye skrini ya kijani. Herufi zake zilikuwa safi na rahisi kusomeka, na kadi hiyo ilibeba pia tundu la kuunganishia printa. Hiyo ndiyo iliyopendwa na wahasibu na waandishi wa barua.

Kadi ya pili ilikuwa ya rangi. Iliweza kuchora picha zenye nukta 320 kwa 200 kwa rangi nne kwa wakati mmoja, au nukta 640 kwa 200 kwa rangi mbili. Ingeweza kuunganishwa hata na televisheni ya nyumbani kwa kutumia kifaa cha ziada, lakini herufi zake hazikuwa safi kama za kadi ya kwanza. Skrini ya rangi ya IBM yenyewe iliyokusudiwa kwa kadi hiyo ilichelewa hadi mwaka 1983.

Sauti ilitoka katika spika ndogo ndani ya kasha. Iliweza kutoa mlio mmoja kwa wakati, na ilitosha kwa kengele ya tahadhari na miziki ya michezo midogo.

Prosesa ya Intel 8088

Moyo wa mashine ulikuwa chipu ya Intel 8088, yenye transista zipatazo 29,000. Ilifanya kazi kwa kasi ya megahezi 4.77, yaani mapigo milioni 4.77 kwa sekunde.

Ndani yake, chipu hiyo ilikokotoa kwa biti 16 kwa mkupuo. Lakini ilipowasiliana na sehemu nyingine za kompyuta ilipitisha biti 8 tu kwa wakati. Ni sawa na ghala kubwa lenye mlango mwembamba: kazi ya ndani inakwenda kwa kasi, ila mizigo inatoka nusu nusu. Chipu nyingine ya Intel, 8086, haikuwa na kizuizi hicho, lakini ilihitaji vipuri vya pembeni vilivyokuwa ghali zaidi. Kwa kuchagua 8088, wahandisi walitumia vipuri vya biti 8 vilivyokuwa tele sokoni na ambavyo tayari walivifahamu.

Kasi ya 4.77 nayo ina maelezo yake. Kompyuta yote ilipata mapigo kutoka kristali moja ya megahezi 14.318. Mapigo hayo yakigawanywa kwa nne hupatikana masafa yaliyotumika kwa rangi katika televisheni za Marekani. Yakigawanywa kwa tatu hupatikana kasi ya prosesa. Kristali moja ilifanya kazi mbili na gharama ikapungua.

Kando ya prosesa kuliachwa tundu tupu kwa ajili ya chipu ya pili, 8087, iliyosaidia hesabu za desimali. Mhandisi au mwanasayansi aliyeihitaji aliinunua na kuichomeka.

Kumbukumbu na mpaka wa kilobaiti 640

IBM PC ya bei ya chini iliuzwa ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16, na bodi kuu iliweza kubeba hadi kilobaiti 64. Kwa kutumia kadi za ziada, IBM ilitangaza kuwa ingefikia kilobaiti 256.

Ili msomaji apate picha, skrini moja iliyojaa maandishi ilikuwa na herufi 2,000. Kilobaiti 16 ziliweza kuhifadhi kurasa nane tu za namna hiyo, kabla ya kuhesabu nafasi inayohitajiwa na programu yenyewe. Picha moja ya simu ya leo isingeingia.

Kila baiti ya biti nane iliambatana na biti ya tisa ya ulinzi. Kazi yake ilikuwa kukagua kama data imeharibika. Ikigundulika kasoro, kompyuta ilisimama badala ya kuendelea na hesabu potofu. Kwa kampuni iliyozoea kuhudumia benki, hilo lilikuwa jambo la msingi.

Prosesa ya 8088 iliweza kufikia anwani za megabaiti moja. Wasanifu waligawa eneo hilo: kilobaiti 640 za mwanzo kwa programu na data, na kilobaiti 384 zilizobaki kwa skrini, kadi na programu za kudumu. Mwaka 1981 mpaka huo ulionekana kuwa mbali mno. Kabla muongo huo haujakwisha uligeuka kero, na waandishi wa programu walilazimika kubuni mbinu nyingi za kuukwepa.

Nafasi tano za kadi

Nyuma ya kasha, upande wa kushoto wa mtu aliyekaa mbele yake, kulikuwa na nafasi tano za kuchomekea kadi. Hapo ndipo ulipokuwa uhai wa mashine hii.

Kadi ya skrini ilichukua nafasi moja, na ya draivu za disketi ikachukua nyingine. Zilizobaki zilingojea mahitaji ya mwenyewe: kumbukumbu ya ziada, modemu ya simu, tundu la kifaa cha maabara, saa, au mtandao wa ofisi. IBM haikuhitaji kubashiri matumizi yote, kwa kuwa wengine wangeyabuni.

Nao waliyabuni, kwa sababu IBM iliuza kitabu cha ufundi kilichoeleza kila waya wa nafasi hizo. Kitabu hicho kilikuwa na michoro kamili ya saketi pamoja na orodha nzima ya maelekezo ya programu ya msingi. Kampuni ndogo zilianza kutengeneza kadi za PC bila kuomba ruhusa wala kulipa mrabaha.

Kadi mpya haikujitambulisha yenyewe. Juu ya bodi kuu kulikuwa na safu mbili za swichi ndogo, nane kila moja, ambazo mtumiaji alizisogeza kwa ncha ya kalamu ili kuieleza kompyuta ina kumbukumbu kiasi gani, draivu ngapi na skrini ya aina gani.

Disketi, kaseti na saa iliyosahau

Mashine ya mwaka 1981 haikuwa na diski ngumu. Kazi ilihifadhiwa katika disketi za inchi 5.25, na kila moja ilibeba kilobaiti 160 kwa upande mmoja. Baadaye zilikuja draivu zilizosoma pande zote mbili na kufikisha kilobaiti 320.

Mwenye draivu moja alipata taabu: aliingiza disketi ya programu, akaitoa, akaingiza ya data, kisha akarudia. Mwenye draivu mbili aliziita A na B. Diski ngumu ilipokuja baadaye ilipewa herufi iliyofuata, yaani C. Ndiyo sababu hadi leo kompyuta za Windows huita diski yake kuu kwa herufi hiyo, ingawa A na B zilitoweka siku nyingi.

Kwa asiyemudu draivu ya disketi, nyuma kulikuwa na tundu la kuunganisha kinasa sauti, programu zihifadhiwe katika kaseti ya kawaida. Wachache walilitumia, na matoleo yaliyofuata hayakuwa nalo.

Vilevile, IBM PC haikuwa na saa yenye betri. Kila ilipowashwa ilimuuliza mtumiaji tarehe ya siku hiyo. Asipoijaza, iliamini kuwa ni Januari 1, 1980, na mafaili yote ya siku hiyo yalipigwa muhuri wa tarehe hiyo.

BIOS, kipande cha IBM yenyewe

Kati ya vipuri vingi vya kununua, kimoja kilikuwa mali halisi ya IBM. Ni programu ya msingi iitwayo BIOS, iliyochomwa ndani ya chipu ya kudumu na kuchukua kilobaiti 8. Programu hiyo iliamka kwanza umeme ulipowashwa, ikakagua kumbukumbu na kibodi, ikapiga mlio mmoja mfupi kama mambo yako sawa, kisha ikatafuta disketi. Isipoipata, ilifungua lugha ya BASIC iliyokuwa ndani ya chipu nyingine za kudumu zenye jumla ya kilobaiti 32.

BIOS ilikuwa mkalimani kati ya programu na chuma. Programu iliyohitaji kuandika herufi kwenye skrini iliiomba BIOS, nayo ikatekeleza. Kwa hiyo mashine yoyote iliyotaka kuendesha programu za IBM PC ilihitaji BIOS yenye tabia zilezile.

Humo ndimo Bradley alimoweka amri ya kubonyeza Ctrl, Alt na Del kwa pamoja ili kuiwasha upya kompyuta iliyoganda. Awali ilikusudiwa iwasaidie wahandisi wakati wa majaribio. Vitufe hivyo vitatu vilichaguliwa kwa kuwa vilitawanyika, hivyo mtu asingeweza kuvibonyeza vyote kwa bahati mbaya na kupoteza kazi yake.

Mfumo wa uendeshaji

IBM ilitoa nafasi kwa mifumo mitatu ya uendeshaji: PC DOS ya Microsoft, CP/M-86 ya Digital Research na p-System ya Chuo Kikuu cha California, San Diego. PC DOS iliuzwa dola 40, wakati CP/M-86 ilipofika mwaka 1982 bei yake ilikuwa dola 240. Ushindani uliishia hapo.

Microsoft haikuanzia patupu. Ilichukua mfumo wa 86-DOS ulioandikwa na Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products, na Julai 1981 ikanunua haki zake zote kwa dola 50,000. Jambo lililoibadilisha tasnia nzima lilikuwa kipengele kimoja cha makubaliano yake na IBM: Microsoft ilibaki na haki ya kuwauzia wengine mfumo huohuo, kwa jina la MS-DOS.

Programu za mwanzo zilikuwa chache, miongoni mwake VisiCalc ya hesabu za jedwali na EasyWriter ya kuandika barua. Kilichowasukuma wafanyabiashara kununua kwa wingi kilikuja Januari 1983, pale programu ya Lotus 1-2-3 ilipounganisha jedwali, grafu na orodha za kumbukumbu mahali pamoja.

Bei na mapokezi

Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,565. Kwa fedha hizo mteja alipata kasha, kibodi na kilobaiti 16 za kumbukumbu, bila draivu ya disketi wala skrini. Mashine yenye kilobaiti 64, draivu moja na skrini ilifika dola 3,005, na ile ya ofisi yenye rangi, draivu mbili na printa ilikaribia dola 4,500.

IBM iliiuza katika maduka ya ComputerLand na ya Sears, jambo jipya kwa kampuni iliyozoea kutuma mawakala wenye suti kwa wateja wakubwa. Katika matangazo ilitumia mhusika wa mzururaji aliyeigizwa na Charlie Chaplin katika filamu zake za kale, ili kuondoa hofu kwamba kompyuta ni ya wataalamu peke yao.

Mapokezi yalipita matarajio. Toleo la jarida la Time la Januari 3, 1983, lililozoea kumtaja mtu wa mwaka, liliitaja kompyuta kuwa mashine ya mwaka 1982.

Mchango wa Mark Dean

Miongoni mwa wahandisi wa Boca Raton alikuwamo Mark Dean, Mmarekani mweusi mzaliwa wa jimbo la Tennessee. Jina lake limo katika hataza tatu kati ya tisa za awali za PC. Alishiriki katika kazi ya kadi ya rangi, na yeye pamoja na Dennis Moeller walibuni utaratibu uliowezesha vifaa kama printa na modemu kuchomekwa na kuwasiliana na kompyuta.

Dean baadaye alipewa hadhi ya IBM Fellow, cheo cha juu kabisa cha kitaaluma katika kampuni hiyo, akiwa mtu mweusi wa kwanza kukipata. Mwaka 1997 aliingizwa katika Jumba la Taifa la Wavumbuzi nchini Marekani.

Alipokuwa ofisa mkuu wa teknolojia wa IBM kwa Mashariki ya Kati na Afrika, mwaka 2011 aliadhimisha miaka 30 ya PC kwa kueleza kuwa yeye binafsi ameshahamia kwenye kompyuta bapa ya mkononi, na kwamba zama za PC kuwa kinara wa teknolojia zinakwisha.

Mlango ulioachwa wazi

Kwa kuwa vipuri vilikuwa madukani na Microsoft ilikuwa tayari kuuza mfumo wake, mshindani wa IBM alikuwa na kikwazo kimoja: BIOS. Maelekezo yake yalichapishwa, lakini yalilindwa na sheria ya hakimiliki. Aliyenakili angeshitakiwa.

Ufumbuzi ulikuwa kugawa wahandisi makundi mawili. Kundi la kwanza lilichunguza BIOS ya IBM na kuandika inafanya nini, bila kueleza inavyofanya. Kundi la pili, lenye watu ambao hawakuwahi kuona maelekezo ya IBM, liliandika programu mpya kutokana na maelezo hayo tu. Sheria ya hakimiliki hulinda maandishi na haizuii mtu mwingine kufikia matokeo yaleyale kwa jasho lake.

Columbia Data Products ilitoa mashine inayofanana na PC katikati ya mwaka 1982. Novemba mwaka huo Compaq, kampuni iliyoanzishwa Houston na watu watatu waliotoka Texas Instruments, ilitangaza kompyuta ya kubebeka inayoendesha programu za IBM. Mwaka 1983, wa kwanza wa mauzo yake, Compaq iliingiza dola milioni 111.

Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ilianza kuuza BIOS iliyo tayari kwa yeyote. Tangu hapo, kiwanda chochote kingeweza kutengeneza PC. Bei zikashuka mwaka hadi mwaka.

Warithi na mwisho wake

Machi 1983 IBM ilitoa PC XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, nafasi nane za kadi na umeme wa wati 130, badala ya wati 63.5 za mashine ya kwanza ambazo zilikuwa kidogo mno kwa diski hiyo. Agosti 1984 ikaja PC/AT yenye prosesa ya 80286.

Agosti 2, 1985, Estridge na mkewe walifariki dunia katika ajali ya ndege ya Delta huko Dallas. Mwaka uliofuata Compaq iliitangulia IBM kwa kutoa kompyuta yenye prosesa ya 80386. Kiongozi wa soko hakuwa tena mwenye jina la kompyuta.

Aprili 1987 IBM iliacha kuuza modeli ya 5150 na kuleta kompyuta za PS/2. Nafasi za kadi za mashine hizo zilikuwa za aina mpya iliyolindwa kwa hataza, na mwenye kuitumia alitakiwa kulipa. Washindani walikataa. Kampuni tisa, Compaq ikiwamo, ziliungana mwaka 1988 na kutangaza utaratibu wao uliopokea kadi za zamani. Mlango uliofunguliwa mwaka 1981 haukufungika.

Desemba 2004 IBM ilitangaza kuiuzia Lenovo ya China kitengo chake cha kompyuta za binafsi kwa takriban dola bilioni 1.75, madeni yakiwamo. Makabidhiano yalikamilika Mei 2005.

Kilichobaki

Prosesa za Intel na AMD zilizomo katika kompyuta nyingi za mezani leo ni za ukoo wa 8088. Ctrl, Alt na Del bado zinabonyezwa, na diski kuu bado inaitwa C.

Lakini urithi wake mkubwa hauonekani kwenye skrini. Fundi wa Dar es Salaam au Nairobi anayefungua kasha la kompyuta ya mezani, akatoa kadi iliyoungua na kuweka nyingine iliyotengenezwa na kampuni tofauti kabisa, anategemea makubaliano yaliyoanzia kwenye zile nafasi tano. Mteja wake halazimiki kununua mashine mpya wala kuagiza kipuri kutoka kwa mwenye jina lililoandikwa usoni.

Simu na kompyuta nyingi za mkononi zimeundwa kwa njia nyingine. Betri imegandishwa kwa gundi, kumbukumbu imechomelewa kwenye bodi, na michoro yake haiuzwi dukani. Ni nyembamba na zina kasi ambayo wahandisi 12 wa Boca Raton wasingeiota. Ila zikiharibika, mara nyingi bisibisi haina pa kuanzia.